Mkufu Chini ya Shuka

Land Rover ilikuwa imekwisha kuuacha ua wa Mzee Karugendo, wanawake wa Muleba bado wanaimba nyuma yake barabarani, ndipo Felicitas alipokunja vidole chini ya shuka na kujua kwa hakika alichodondoshewa mapajani. Mkufu. Ulikuwa wa baridi kama tumbo la chura, na katikati yake palikuwa na jiwe lenye ukubwa wa buni ya kahawa. Hakuhitaji kuliona. Kila mtu kutoka Muleba hadi Bukoba mjini alijua kwamba jiwe lile ni jekundu, na kwamba ni la Ma Kokubanza wa Nshambya, mama yake bwana harusi.

"Lia, mwanangu," shangazi yake Immakulata alimnong'oneza, akimbonyeza ubavuni. "Mbona umenyamaza ghafla? Watu watasema umefurahi kuondoka kwenu."

Felicitas akalia. Siku hiyo kulia hakukumpa taabu.

Ndivyo ilivyokuwa Buhaya miaka ile. Bibi harusi, omugole, alifunikwa shuka gubigubi tangu mlangoni kwa baba yake. Haongei. Hainui macho. Hata nzi akimtua puani, ni kazi ya shangazi kumfukuza. Atafunuliwa na mama mkwe peke yake, kwa mkono wake, ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo pale alipoketi, kati ya shangazi na mlango wa gari, Felicitas alikuwa na mali ya wizi mkononi na hana ruhusa ya kusema hata neno moja. Na yule aliyemtia mali hiyo mkononi alikuwa kiti cha mbele, kamera imening'inia shingoni, anamchekesha dereva mpaka gari linayumba.

Josia Ndyamukama. Mpiga picha. Alikuwa kijana mrefu, mwenye meno meupe na maneno mengi. Akikupiga picha, unatoka pale ukiamini wewe ndiye mtu mzuri kuliko wote wilayani, na baadaye ndipo unakumbuka kwamba hukuja kupigwa picha, ulikuja kumdai. Felicitas alimpenda tangu siku ile ya kipaimara chake alipomwambia, "Dada, geuka kidogo, jua linakuonea wivu." Lilikuwa neno la kipuuzi kabisa. Alilala nalo mwaka mzima.

Baba yake hakulala nalo.

"Mlutheri!" Mzee Karugendo alipiga kelele siku Josia alipotuma mshenga. "Nyumba yenye Bikira Maria ukutani tangu kabla hujazaliwa, uniletee Mlutheri? Na kazi yake nini? Kukamata vivuli vya watu na kuwauzia wenyewe!"

"Tata, ni kazi ya halali..." Felicitas akamwambia baba yake.

"Protase ana malori. Tena anasali. Nimemaliza."

Karugendo akisema nimemaliza, hata kuku huondoka uani. Mahari yakapokelewa, siku ikapangwa, na wiki moja kabla ya siku hiyo Felicitas akamkuta Josia njia ya kisimani, akaangua kilio mbele yake na ndoo kichwani.

"Hakuna njia, Josia. Hakuna."

"Njia haikosekani. Niambie, yule bibi anaogopa nini?"

"Ma Kokubanza? Haogopi kitu. Ana mkufu wake tu. Ameapa hakuna bibi harusi atakayevuka kizingiti chake akakaa kama hajamvika mkufu ule. Yeye mwenyewe alivikwa hivyo na mama mkwe wake."

"Na ukipotea?"

"Basi atanirudisha kwetu. Yule bibi akiapa, ameapa."

"Basi utapotea," Josia alisema, akacheka. Felicitas naye akacheka na machozi yake. Alimjua Josia kuwa mtu wa kucheka naye. Hakudhani kuwa ni mtu wa kutenda.

Kumbe ametenda. Asubuhi ile walipomwingiza garini, Josia alisema subirini, shuka limekunjamana, picha itakuwa mbaya. Akainama, akanyoosha pindo, na kile kitu cha baridi kikaanguka. "Shika," alinong'ona. "Atakurudisha leo leo. Na bibi harusi hapekuliwi."

Walipofika Kemondo, barabara ilikuwa imefungwa kwa gogo la mti. Mbele ya gogo walisimama makachero wawili waliovaa makoti ya mvua, na jua linawaka.

"Ndugu wananchi, hakuna kushuka!" akapaza sauti yule mfupi, Koplo Semboja, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku majuzi.

"Washuke wote," akasema yule mnene, Sajini Mushumbusi. "Tutapekuaje kama hawashuki?"

"Ndugu wananchi, kushuka!"

Lori lililobeba ngoma, mikungu ya ndizi na vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, lilisimama nyuma, na watu wakateremka wakinung'unika. Sajini akatangaza kwamba mkufu wa Ma Kokubanza umeibwa Nshambya, sanduku limevunjwa, na mwizi huenda amejichanganya na msafara.

"Msafara umetoka Muleba, afande," Josia alisema kwa adabu kubwa. "Wizi umetokea Nshambya. Mwizi atakuwa ameibia kule akakimbilia huku, ili arudi tena kule?"

Sajini akafikiri. "Ndiyo maana ni mjanja."

"Kweli kabisa. Sikuliona hilo. Basi anzeni na mimi, maana nina mifuko mingi."

Walianza naye. Walimpekua mpaka soksi. Koplo Semboja akaichukua kamera, akaitikisa, akasikia kitu kinacheza ndani, na kabla mtu hajasema neno akaifungua mgongo juani, filamu ikaungua kwa mwanga.

"Afande," Josia akasema kwa huzuni, "umeua ukoo mzima. Mzee Karugendo alikuwa humo, na mkewe, na mbuzi wa mahari."

"Wamekufa?" Koplo akaifunga upesi.

"Hata ukifunga sasa, wameshakufa."

Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Chini ya shuka Felicitas naye alitaka kucheka, lakini jiwe lilikuwa limemwingia kiganjani kama jino. Makachero wakahamia kwenye lori. Wakapapasa mikungu kidole kwa kidole, wakamgeuza jogoo miguu juu. Josia akawauliza kwa upole kama wameangalia ndani ya rubisi, maana dhahabu huzama. Sajini akaona ni neno la busara. Kibuyu hakionekani chini mpaka kiwe kitupu, na pombe ya harusi haimwagwi, ni laana. Basi ikabidi wainywe. Walipofika kibuyu cha tatu Sajini alikuwa ameanza kumwita Josia mdogo wangu.

Ni Semboja, ambaye hakunywa sana, aliyegeuka kuitazama Land Rover.

"Na huyu aliyefunikwa?"

Felicitas aliona kupitia weupe wa shuka kivuli kifupi kikija mlangoni, kikinyoosha mkono. Akifunuliwa na mkufu uko mapajani, yeye ni mwizi, baba yake ni baba wa mwizi, na Josia hatanyamaza, atajitaja. Wote wawili wataishia jela.

"Weee!" Immakulata akamfokea Koplo kwa sauti ya kuamsha wafu. "Shika shuka hilo uone! Kwenu wapi wewe?"

"Tanga, mama."

"Basi ujue. Huku kwetu anayemfunua omugole njiani, amemchukua. Ni mkewe! Hakuna kesi, hakuna padri, hakuna cha samahani. Utaondoka naye hapa hapa, na Mzee Karugendo atakufuata mpaka Tanga na mahari yake mengine."

Mkono wa Semboja ukarudi kama uliounguzwa. "Sajini, ni kweli?"

"Kweli tupu," Mushumbusi akajibu akisafisha koo. "Babu yangu mwenyewe alimpata bibi hivyo. Upepo tu ulipuliza, naye akadaka shuka."

"Mimi nina wake wawili, Sajini."

"Basi rudisha mkono mfukoni."

Watu wakapasuka tena kwa kicheko. Lakini Felicitas hakusikia kicheko. Alisikia yale maneno tu. Anayemfunua, amemchukua. Aliyajua tangu utotoni, kama anavyojua sala ya jioni, na hakuwahi kuyafikiri. Kumbe mlango ulikuwa wazi siku zote. Haikuhitajika kuiba mkufu. Haikuhitajika hila wala kamera. Mtu mmoja, mwenye mkono mmoja, ainue pindo moja.

Na Josia naye ameyasikia. Kivuli chake kirefu kilikuwa kimekwisha kuja mlangoni.

"Shuka limekunjamana tena," alisema, sauti yake ya kuchekesha watu imepotea kabisa. Akaushika upindo. Felicitas aliviona vidole vyake vikiingia chini ya kitambaa, vyenye madoa ya kahawia ya dawa ya kusafishia picha.

*Nifunue,* alisema moyoni. *Josia, nifunue.*

Vidole vikasita. Naye akaelewa kwa nini. Sajini Mushumbusi alikuwa amekuja kusimama nyuma ya Josia, ameegemea gari, pumzi yake ya rubisi inaingia mpaka ndani. Josia alidhani mkufu bado uko mapajani, pale pale alipouweka mwenyewe. Akiinua shuka, Sajini ataona jiwe kabla hajaona uso.

Felicitas akausukuma mkufu ndani ya gauni, kifuani, ukashuka mpaka mshipini. Akaiacha mikono yake mitupu juu ya magoti, viganja juu. Inua sasa. Hakuna kitu. Inua! Lakini kutoka nje shuka lilikuwa shuka tu, jeupe, halisemi. Neno moja lilitosha. "Inua." Alifungua mdomo. Na ulimi wake, uliofundishwa miezi na shangazi yule yule kwamba omugole hasemi, ulilala kinywani kama samaki aliyekufa. Hata leo ukimuuliza, hawezi kukueleza kwa nini.

Vidole vikatoka.

"Sasa limenyooka," Josia akasema.

Gogo likaondolewa. Makachero, kwa kuwa pikipiki yao ilikuwa haina petroli, wakaomba lifti. Semboja akapanda lori. Sajini akajibana mbele kati ya dereva na Josia, akasinzia njia nzima, kichwa chake kikigonga kiti, na mkufu anaoutafuta uko nyuma ya kisogo chake, karibu kiasi kwamba angepiga chafya ungetikisika.

Nshambya nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi sakafuni, lakini hapakuwa na vigelegele. Protase, bwana harusi, alisimama mlangoni katika suti yake, ana sura ya mtu aliyeambiwa lori limepinduka. Ma Kokubanza alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ameshika tama.

"Mama, amefika," Protase akasema. "Misa ni kesho. Tusimwaibishe mtoto wa watu."

"Nimeapa, Protase."

"Mkufu si mke!"

"Na kiapo si mkufu. Arudi kwao. Mkufu ukipatikana, aje tena."

Immakulata akaanza kulia, na safari hii hakuwa anafundisha mtu. Felicitas akayarudia maneno yale moyoni. Arudi kwao. Amelisema. Josia alikuwa sahihi, yule mpumbavu mpenzi, alikuwa sahihi!

"Mama," Sajini Mushumbusi akaingilia, macho mekundu, "hebu rudia. Sanduku lilivunjwaje?"

Ma Kokubanza akatazama chini. "Halikuvunjwa."

"Halikuvunjwa?"

"Niliona haya kusema. Nilivua mwenyewe. Jana alikuja mpiga picha, akaniambia jiwe linarudisha mwanga kwenye kamera, mama, vua kidogo. Nikavua. Akanigeuza shingo hivi, akaniambia, mama, kama ningezaliwa mapema kidogo, Protase angeniita baba." Akafuta jicho. "Nilicheka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nimzike mume wangu. Alipoondoka, mkufu nao ukawa haupo."

Vichwa vyote viligeuka kumtazama Josia. Hakukimbia. Semboja akamrukia, akamfunga pingu, mikono nyuma, akamwegemeza ukutani.

"Mkufu uko wapi?"

"Sijui, afande. Mlinipekua wenyewe."

"Utakumbuka ukiwa ndani. Mkufu usipoonekana, kijana, utaota mvi gerezani. Ukionekana, hilo ni jambo jingine."

Felicitas alisimama katikati ya chumba kilichojaa watu, amefunikwa, na hakuna aliyekuwa anamtazama. Akinyamaza, atarudishwa Muleba leo leo, huru, kwa baba ambaye hatamwinulia uso tena, na Josia ataoza ndani. Akisema, Josia atatoka. Na yeye ataingia humo. Alijaribu kutafuta njia ya tatu. Josia angeipata njia ya tatu. Lakini Josia alikuwa amefungwa, na yeye hakuwa na kitu ila mkufu.

Polepole, chini ya shuka, akauvuta kutoka mshipini. Akauzungusha shingoni. Ndoano yake ilikuwa ndogo na vidole vyake vilikuwa vimelowa. Ikakataa, ikakataa, ikakubali.

Kisha akafanya jambo ambalo omugole hafanyi kabla hajaitwa. Akapiga hatua juu ya nyasi, akamwendea Ma Kokubanza, akamkalia mapajani, kama bibi harusi anavyopakatwa anapopokelewa rasmi.

"Mae!" Immakulata akashtuka. "Huyu mtoto amepata wazimu!"

Ma Kokubanza alinyanyua mkono amsukume. Mkono ukagusa shingo juu ya shuka. Ukasimama. Ukapapasa. Yule mama akaushika upindo, na taratibu, kwa mkono wake mwenyewe, akamfunua.

Jiwe jekundu lilikuwa limekaa vizuri kabisa.

Ma Kokubanza akamtazama mkwewe machoni. Macho ya Felicitas, bila yeye kupenda, yakakimbilia ukutani kwa yule aliyefungwa, yakarudi. Yule mama aliyafuata yalivyokwenda na yalivyorudi. Akaelewa yote.

"Nimezeeka," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nilimtumia Immakulata mkufu amvike huko huko, nikasahau."

"Ndiyo waitu, mama yetu," Immakulata akajibu papo hapo, bila kujua anaitikia nini. "Ulinitumia."

Vigelegele vikapanda, vikasikika mpaka Bilele mjini. Katikati ya kelele hizo Ma Kokubanza akamwinamia Felicitas sikioni. "Umemkomboa. Sasa uso wako uelekee huku."

"Ndivyo tulivyodhani tangu Kemondo," Sajini Mushumbusi alikuwa anamweleza Protase. "Ndiyo maana tukapanda gari lile lile. Semboja, mfungue mpiga picha."

Semboja akajipapasa mfuko wa kulia. Akajipapasa wa kushoto. "Sajini, ufunguo..."

"Huu hapa, afande," Josia akasema.

Akatoa mikono yake kutoka nyuma ya mgongo. Pingu zilikuwa wazi, zimepangwa kwa ustadi pamoja na ufunguo alioufyatua mfukoni mwa Koplo, kama zawadi. Zilikuwa wazi muda wote. Nyuma yake palikuwa na mlango wa uani, na nyuma ya uani migomba, na migomba inakwenda mpaka ziwani. Alikuwa anasubiri tu omugole atolewe nje arudishwe kwao, amfuate.

Felicitas aliliona hilo, naye Josia akaona kwamba ameliona. Walitazamana juu ya vichwa vya watu wanaocheza. Alifungua mdomo, yule mtu wa maneno mengi, na hakikutoka kitu.

Kesho yake ndoa ilifungwa. Harusi ile haikupigwa picha.

Sajini Mushumbusi alipandishwa cheo kwa kesi hiyo. Semboja aliomba uhamisho, akarudi Tanga, akastaafu huko. Mzee Karugendo alihamia kijiji cha ujamaa pamoja na jirani zake, akafa bila kujua kilichotokea Kemondo. Immakulata alijua, na hakumsamehe Josia, wala hakumfundisha tena msichana yeyote kunyamaza. Ma Kokubanza aliishi na mkwewe kwa amani. Mkufu uliuzwa wakati wa vita, Protase akanunua tairi. Alikuwa mume mwema. Walizaa watoto watano, mmoja akafa.

Josia alikwenda Mwanza, akafungua studio ya picha, akaoa muuguzi wa Sengerema. Hakuiba tena, kwa kadiri inavyojulikana. Alikutana na Felicitas mara moja tu, miaka mingi baadaye, sokoni Bukoba. Alimuuliza habari za watoto, naye akamuuliza za watoto wake. Wote walikuwa hawajambo.